Hukumu ya Jemadari Aliyeanguka

Katika hadithi za vita za mataifa mengi yuko mtu mmoja asiyekosa kutokea: jemadari aliyekuwa ngome ya nchi yake, kisha akaanguka, kisha akawa adui wa watu wale wale aliowalinda. Watunzi wa kale walimjua. Shakespeare alimweka jukwaani katika Macbeth, mchezo ambao S. S. Mushi aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Watunzi wa zama hizi, wanaoandika misururu mirefu ya riwaya za nchi za kubuni zenye wafalme, mazimwi na uchawi, hawachoki kumrudia. Msomaji humwogopa, lakini aghalabu humhurumia pia, na pengine hufunga kitabu akiwa amempenda kuliko shujaa mwenyewe. Jambo hili si dogo. Mtu amhurumiaye mwovu wa kitabuni anajifunza, hata asipojua, namna ya kuwahukumu waovu walio nje ya kitabu. Kwa hiyo yafaa kuuliza: ikiwa kuanguka kwa jemadari kunaueleza ubaya wake, je, kunaufuta? Na kama hakuufuti, ubaya ule ulitoka wapi, hali mkono ni ule ule na upanga ni ule ule uliosifiwa jana?

Swali hili si la wasomaji wa riwaya peke yao. Nchi iliyo kati ya Shinyanga na Geita, ambayo leo hujulikana zaidi kwa almasi ya Mwadui na dhahabu ya Bulyanhulu na Geita, ililiona kwa macho katika karne ya kumi na tisa. Zamani hizo utajiri wa nchi ulikuwa ng'ombe, mtama, na nguvu za watu waliobeba pembe za ndovu mabegani hadi pwani. Vijiji vilizungukwa na uzio wa minyaa na maboma ya miti, na miongoni mwa watu waliohofiwa nje ya maboma hayo walikuwamo majemadari wasiokuwa na nchi na majeshi waliyoyaacha nyuma yao.

Wa kwanza hakufika huku mwenyewe. Lilifika jeshi lake. Zwangendaba wa ukoo wa Jere alikuwa mmoja wa majemadari wa Zwide, mfalme wa Wandwandwe, kusini mwa Afrika. Karibu na mwaka 1819 Zwide alishindwa na Shaka wa Wazulu, na Zwangendaba akakimbilia kaskazini pamoja na wafuasi wake. Alivuka mto Zambezi mwezi wa Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa. Akaendelea mpaka Ufipa, akafa huko karibu na mwaka 1848. Mtu aliyetoka kwao mkimbizi alikuwa amekwisha kuwa bwana wa taifa zima, nalo lilikuwa taifa lililolishwa na mkuki. Vijana wa kabila lililoshindwa leo waliingizwa katika vikosi, wakatumwa kulishinda kabila la kesho. Baada ya kifo chake watu wake waligawanyika, na kundi moja, walioitwa Watuta, likapanda kaskazini hadi Unyamwezi, likafanya makao Runzewe, mahali ambapo leo pamo katika wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita, na ambapo kabla ya mwaka 2012 palihesabiwa kuwa mkoa wa Shinyanga. Kutoka hapo waliwatisha majirani wa pande zote. Mkulima wa Uzinza aliyechomewa ghala yake hakuwa na habari ya Shaka wala ya Zwide. Alilipa deni la vita vilivyopiganwa miaka arobaini nyuma, mbali mno na kwao, baina ya watu ambao hakuwajua hata kwa majina.

Wa pili alikuwa mwenyeji. Mnywa Sere alirithi utemi wa Unyanyembe, nchi ya Tabora iliyo kusini mwa Shinyanga, baada ya kufa Fundikira katika miaka ya mwisho ya 1850. Alipokalia kiti alidai ushuru juu ya mali ya wafanyabiashara wote, pamoja na Waarabu wa Tabora waliokuwa wamezoea kusamehewa. Dai lenyewe halikuwa la ajabu. Watawala wote wa njia ya misafara walitoza hongo, na mtawala asiyeweza kumtoza tajiri aliyejenga katika nchi yake ana kiti lakini hana utawala. Waarabu walikataa. Walimwondoa kwa bunduki, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akaingia porini na watu wake, akawa anahama na kupiga, anapiga na kuhama, na njia ya kwenda pwani ikawa ya hatari. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alikutana naye safarini kati ya Ugogo na Unyanyembe. Huyo aliyesimuliwa kuwa mnyang'anyi alimwona ni kijana mzuri wa umbo, naye kijana akamwomba ampatanishe na Waarabu. Speke alijaribu alipofika Tabora. Mapatano hayakupatikana. Mwaka huo huo mzee Snay bin Amir, aliyewakirimu Burton na Speke walipopita Tabora mwaka 1857, aliuawa vitani. Vita viliendelea miaka mingine, mpaka Mnywa Sere naye alipouawa mwaka 1865.

Juu ya watu kama hawa hukumu mbili hutolewa upesi, na zote mbili ni nyepesi kuliko jambo lenyewe.

Hukumu ya kwanza ni ya huruma. Husema kwamba aliyedhulumiwa hana lawama: Mnywa Sere alinyang'anywa haki yake, basi waliomnyang'anya ndio wabaya, na kila baya lililofuata liandikwe katika daftari lao. Hukumu hii ina kweli ndani yake. Waarabu wa Tabora ndio waliotangulia kuivunja ada ya nchi, na mtu hawezi kuvunja mlango wa jirani kisha akashangaa kuona nyumba imejaa upepo. Lakini kweli hii haifiki mwisho wa njia. Wapagazi waliopatwa na hatari za njia ile wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, vijana waliotafuta nguo na majembe kwa jasho lao. Hao hawakukaa katika baraza lililomwondoa mtemi, wala hawakula faida ya kuondolewa kwake. Dhuluma inaweza kumpa mtu haki ya kumrudia aliyemdhulumu. Haimpi haki ya kumrudia kila anayepita. Pigo la kwanza la mtu aliyeanguka huweza kuwa la haki. Ni pigo la pili, lile liangukalo juu ya asiyehusika, ndilo limfanyalo mwovu. Na katika vita vya njiani pigo la pili halikawii.

Hukumu ya pili ni ya washindi. Husema kwamba mtu huyu alikuwa mnyang'anyi tangu asili, na kwamba kuanguka kwake kulifunua tu kilichokuwamo moyoni. Hukumu hii yapaswa kushukiwa kila inaposikika, kwa kuwa jina la mnyang'anyi hutolewa na mwenye mali. Ushahidi wa jambo hili ni Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 Henry Stanley alishika bunduki upande wa Waarabu wa Tabora kupigana naye, naye alimhesabu kuwa jambazi mkubwa. Mwaka 1876 walikutana uso kwa uso. Stanley alikuta mtu mpole wa maneno na mwenye adabu, wakachanjiana undugu. Je, Mirambo alibadilika katika miaka mitano? Yamkini alibadilika kidogo. Lakini kilichobadilika zaidi ni mahali alipokaa yule anayemtazama. Wala Mirambo hakuwa malaika. Askari wake, ruga-ruga, walichoma vijiji kama walivyochoma wengine, na Watuta walikuwa miongoni mwa washirika wake. Hata hivyo alijenga mji, akalinda biashara iliyopita kwake kwa ruhusa yake, akawapokea wamisionari, na mpaka alipofariki mwezi wa Desemba 1884 palikuwa na nchi iliyoweza kuitwa yake. Vita peke yake, basi, haitoshi kumpambanua jemadari na jambazi. Yapaswa kutafutwa kitu kingine.

Kitu hicho huonekana mtu akiuliza jemadari ni nani. Jemadari ni mtu aliyepewa ruhusa ya kufanya jambo ambalo wengine wote wamekatazwa. Raia akiua huitwa muuaji. Jemadari akiua huimbiwa. Ruhusa hii ya kutisha haitoki katika mkono wake. Hutoka kwa watu waliomtuma, nayo huja na sharti: akirudi, ataulizwa. Ataulizwa ni wangapi waliokufa na kwa nini, ni ng'ombe wangapi waliotekwa na wako wapi. Sharti hilo ndilo litenganishalo kuua na kuua.

Wenyeji wa Usukuma na Unyamwezi walilijua sharti hili vizuri kuliko wengi. Mtemi wao alikuwa mkubwa, lakini hakuwa peke yake. Katika Usukuma wazee wa baraza, banang'oma, ndio waliomchagua na kumsimika, nao waliweza kumwondoa. Alifungwa na miiko mingi. Mvua ikikosa aliulizwa. Nchi ikiharibika aliulizwa. Mtu wa leo anaweza kucheka kwamba mtawala aliulizwa habari za mvua, ambayo haimo katika uwezo wake. Lakini hata anayecheka atakubali kwamba watu wanaothubutu kumwuliza mtawala wao habari za mawingu hawatashindwa kumwuliza habari za ng'ombe.

Sasa jemadari anapoanguka hupoteza nini? Hapotezi ujuzi wake wa vita, wala ushujaa, wala wote miongoni mwa watu wake. Hupoteza kiti, na pamoja na kiti hupoteza wale waliokizunguka. Zwangendaba alipoondoka kusini alichukua mikuki, akaacha nyuma mfalme aliyekuwa akimtuma. Mnywa Sere alipoingia porini alichukua bunduki zake. Baraza la Unyanyembe likabaki Unyanyembe, likimsikiliza Mkasiwa. Kuanzia siku hiyo kila aliyekuwa karibu naye alikuwa ni mtu anayemtegemea kwa chakula, na chakula hupatikana kwa kupiga. Mwenye kula kwa mkuki wa bwana wake hamwulizi bwana wake mkuki umepita wapi. Ubaya wa jemadari aliyeanguka huzaliwa hapa. Uchungu huuanzisha, lakini uchungu hupoa kwa miaka, hali uovu huu hukua kwa miaka. Kinachoukuza ni kukosekana kwa mtu wa kumwuliza.

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wana mfano wake chini ya ardhi. Anayechimba duara huweka magogo ubavuni, nayo huyaita matimba, ili kuta zisije zikamwangukia. Udongo utoao dhahabu ndio huo huo uuao. Hapana udongo wa baraka na udongo wa laana. Matimba yakiwapo, watu hushuka asubuhi na kupanda jioni. Matimba yakiondolewa au yakioza, ukuta uliowalisha huwafunika. Nguvu za jemadari ni kama ukuta huo, na baraza ndilo matimba yake.

Mtu atasema: ikiwa ni hivyo, lawama imwendee aliyeyang'oa matimba, wala si ukuta ulioporomoka. Hoja hii ni nzito, nayo haikanushiki yote. Wanaomwangusha mtawala kwa nguvu wana deni ambalo hawapendi kulitaja: walimtoa mtu katika kiti chenye miiko, wakamwacha na silaha zisizo na miiko. Kama Waarabu wa Tabora wangalikubali upatanishi mwaka 1861, yamkini Snay bin Amir angalikufa kitandani, na vijana wengi wa misafara wangalirudi kwao. Lakini mtu si ukuta. Ukuta hauwezi kuyatafuta matimba mengine; mtu aweza. Na hapa ndipo hukumu ya jemadari aliyeanguka inapopata mahali pa kusimama. Haulizwi kwa nini alianguka, wala kwa nini alikasirika, wala hata kwa nini alipigana. Huulizwa: baada ya kupoteza wale waliokuwa na haki ya kumwuliza, alimtafuta nani mwingine amwulize?

Shakespeare alilijaribu swali hili pande mbili. Macbeth alikuwa jemadari aliyesifiwa. Alipomwua mfalme wake ili aketi mahali pake, aliwaondoa mmoja mmoja wote walioweza kumtazama usoni, na alipokwisha kubaki pekee hapakuwa na damu iliyomtosha. Coriolanus alifukuzwa na mji wa Roma alioupigania, akajiunga na maadui zake, akaja na jeshi kuuteketeza. Chuki yake ilikuwa kubwa, na sababu yake pengine ilikuwa bora kuliko ya Macbeth. Lakini mama yake alitoka mjini akamwendea, naye akarudisha jeshi. Mjini hapakubaki sheria ya kumzuia, wala nguvu. Alibaki mtu mmoja tu ambaye mbele yake bado aliona haya, na mtu mmoja alitosha. Pwani ya Waswahili nayo inamkumbuka Fumo Liyongo, aliyehofiwa na mtawala wa Pate, akafungwa, akakimbia, mwishowe akasalitiwa na mwanawe mwenyewe. Alikuwa na sababu zote za kuwa dubwana la hadithi, na ushairi umemhifadhi kuwa shujaa. Kuanguka, basi, si kauli ya mwisho.

Wala jambo hili halikwisha na karne ya watemi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Kahama na Nzega, watu waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na silaha zilizoenea baada ya vita vya Kagera walijiunga wakawa sungusungu. Walichukua pinde na mishale, wakaweka filimbi na viapo, wakawapa viongozi wao cheo cha kale cha mtemi. Walifanya kazi ambayo dola ilikuwa imeshindwa kuifanya, na walisifiwa kwa haki. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuwapa nafasi. Lakini tangu miaka ya mwanzo walilaumiwa pia kwa mateso, na kwa kuwageukia watu waliotuhumiwa uchawi. Katika nchi ambayo bibi kizee huweza kuitwa mchawi kwa ajili ya macho mekundu, naye macho yake ni mekundu kwa moshi wa jiko la miaka sitini, lawama hiyo si ndogo. Mwizi wa ng'ombe ana ndugu watakaosimama barazani na kuuliza kilichompata. Bibi kizee mjane aghalabu hana. Kikosi ni kile kile, mshale ni ule ule, na viapo havijabadilika. Tofauti ni kwamba kwa mmoja kuna wa kuuliza, na kwa mwingine hapana. Jemadari huanguka hivyo pia, pasipo kushindwa na adui yeyote, akiwa bado katika kiti chake na sifa zake.

Kwa hiyo huruma ya msomaji kwa mwovu wa hadithi isikatazwe. Ni huruma nzuri, kwa kuwa humkumbusha kwamba mwovu hakuzaliwa na pembe, na kwamba mara nyingi palikuwa na siku ambayo angaliweza kurudishwa. Lakini huruma hiyo haijatimia mpaka imwendee pia mtu ambaye watunzi wengi humsahau: mpagazi aliyelala njiani, mkulima wa Uzinza na ghala yake, bibi kizee mwenye macho mekundu. Msomaji anayejua majeraha yote ya jemadari, wala hajui hata jina la kijiji alichokichoma, amesoma nusu ya kitabu.

Wasukuma wana hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililowameza watu wote wa nchi pamoja na ng'ombe wao. Masala Kulangwa, kijana aliyezaliwa baada ya msiba ule, alilitafuta zimwi akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima. Lakini alipokuwa akipasua, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwamo ndani, naye bibi yule akakasirika. Msikilizaji wa haraka huona kwamba bibi huyu hana shukrani: ametolewa katika tumbo la zimwi, kisha analalamikia sikio. Waliosimulia hadithi hii kizazi baada ya kizazi wangaliweza kumwacha nje, na hadithi ingalikwisha kwa ngoma. Hawakumwacha. Taifa zima limeokolewa, na katikati ya shangwe amesimama mtu mmoja ameshika upande wa kichwa chake, anamwuliza mkombozi habari za kisu.